Rutuba Haiji kwa Amri

Mmomonyoko wa udongo ni miongoni mwa mambo machache ambayo serikali ya kikoloni na serikali huru za Kenya na Tanzania ziliyachukulia kwa uzito uleule. Tangu miaka ya 1930 zimetungwa sheria, imechimbwa mitaro, imehamishwa mifugo, na fedha nyingi za kodi na za wafadhili zimetumika ili udongo usiende na maji. Mahali pengine kazi hiyo ilizaa vurugu, ikaachwa baada ya miaka michache. Mahali pengine ardhi iliyokwisha kukatiwa tamaa ilirudi kuota majani, kushika maji na kutoa chakula. Mvua peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo, wala ubora wa utaalamu hauwezi, maana mbinu zinazokaribiana sana zilifaulu hapa na kushindwa pale. Ukiifuata historia ya Umatengo, Ukambani, Uluguru, Kondoa na Shinyanga utakuta jambo moja likijirudia: rutuba imerudi na kudumu pale ambapo mtu aliyefanya kazi ya kuirudisha aliona faida yake mapema, tena akawa na uhakika kwamba ardhi ile ingebaki mikononi mwake. Palipokosekana mojawapo ya hayo mawili, kazi ilidumu kwa kadiri amri ilivyokuwa na nguvu, na amri haijawahi kuwa na nguvu kwa muda mrefu.

Sababu ya hali hiyo imo katika udongo wenyewe. Udongo wenye afya una mboji inayotokana na majani, mizizi na samadi iliyooza. Mboji huyashikanisha madongoa madogo na kuacha nafasi za hewa na maji kati yake, na nyungunyungu, mchwa na mizizi huzidisha nafasi hizo. Mvua ikinyesha, maji huzama. Majani yakiondolewa yote, iwe kwa moto, kwa malisho yasiyopumzishwa au kwa kulima mfululizo bila kurudisha kitu, matone ya mvua hupiga udongo mtupu, chembe zake hutawanyika na kuziba vitundu, na juu hujitanda ganda gumu. Mvua inayofuata haizami tena. Hutiririka, hubeba tabaka la juu ambalo ndilo lenye rutuba, na mwisho huchonga makorongo. Kuigeuza safari hiyo kunahitaji mambo yanayojulikana vizuri: kupunguza kasi ya maji, kuufunika udongo, kuacha mizizi hai ardhini, kurudisha mboji. Lakini mboji hujengeka kwa miaka, na mkulima anakula kila siku. Kila mpango wa kuponya ardhi lazima uvuke pengo hilo kati ya muda wa udongo na muda wa tumbo, na historia yote inayofuata ni historia ya jinsi pengo hilo lilivyovukwa au lilivyopuuzwa.

Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, walilivuka kabla ya bwana shamba yeyote kufika kwao. Katika karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma kuishi kwa msongamano milimani, kwenye miteremko mikali ambayo kilimo cha kuhamahama kingeiharibu upesi. Kilimo chao cha ngoro kinafaa kutazamwa kwa karibu. Mvua za masika zikielekea ukingoni, nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke. Kisha hupangwa shambani kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba inayofunika mteremko mzima. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi, hata kila mraba ukabaki na shimo katikati na matuta pande zote nne. Kwa desturi wanaume ndio waliofyeka na kupanga nyasi, na wanawake ndio waliochimba. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata mvua za msimu mwingine zikianza. Nyasi zilizofukiwa huoza na kulisha mazao, huku mashimo yakipokea maji na udongo unaoteremka. Mzunguko ukiisha, mashimo mapya huchimbwa mahali palipokuwa na makutano ya matuta ya zamani, hivyo shamba lote hugeuzwa hatua kwa hatua. Ngoro haikuanzishwa kwa amri wala kwa faini. Kazi ni ngumu, lakini maharage ya msimu uleule huilipa, na shamba hubaki kwa ukoo.

Wakuu wa kikoloni hawakuanza kwa kuuliza kazi italipwa na nini wala ardhi itabaki kwa nani. Katika miaka ya 1930 dhoruba za vumbi zilizokumba nyanda za kati za Marekani ziliwatia hofu watawala wa Kiingereza, na hofu hiyo ikavuka bahari. Huko Kenya, Colin Maher aliongoza kazi ya serikali ya kuhifadhi udongo, na mwaka 1937 aliandika taarifa juu ya hali ya Machakos, huko Ukambani. Ni kweli kwamba vilima vya Ukambani vilikuwa vimeharibika vibaya. Lakini Wakamba walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka ya eneo lao la hifadhi, huku malisho waliyoyategemea wakati wa kiangazi yakiwa yamechukuliwa au kuwekewa vikwazo. Mifugo iliyokuwa ikitawanyika mbali ilibanwa mahali pamoja, na majani hayakupata nafasi ya kupumzika. Badala ya kuigusa mipaka, serikali iliamua kupunguza ng'ombe kwa lazima. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kikihitaji mifugo. Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Muindi Mbingu alipelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kukamata ng'ombe. Katika mgogoro huo wote udongo wa Machakos haukupata nafuu yoyote. Kilichoongezeka ni shaka ya watu kwamba kila anayezungumzia kuhifadhi ardhi anatafuta njia ya kuwanyang'anya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili amri ziliongezeka. Huko Murang'a, kati ya 1947 na 1948, wanawake waligoma kwenda kuchimba matuta ya lazima, kwa kuwa wao ndio waliobeba mzigo wa kazi hiyo juu ya kazi zao za shambani na nyumbani. Tanganyika nako, mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru uliwataka wakulima wachonge matuta ya ngazi kwenye miteremko ya milima iliyo juu ya Morogoro. Kwenye karatasi wazo lilikuwa zuri, kwa sababu ngazi huvunja kasi ya maji. Lakini udongo wa juu Uluguru, mahali pengi, ni tabaka jembamba. Kuchonga ngazi kulilifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakapungua badala ya kuongezeka. Mkulima aliambiwa atoe nguvu zake leo, avune kidogo mwakani, na asubiri faida ambayo hakuna aliyeweza kumwonyesha. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akapoteza maisha, na mpango ukafa. Usambara na Usukuma nako mipango ya lazima ya matuta na ya kupunguza mifugo ilififia kabla ya muongo ule kwisha. Chuki dhidi ya amri hizo iliwapeleka wakulima wengi katika TANU, chama kilichodai uhuru, na baada ya Uhuru ilichukua muda mrefu kabla mtumishi wa serikali hajaweza kusimama mbele ya wanakijiji na kutamka neno matuta bila kukumbusha faini.

Machakos, iliyokuwa mfano wa kukatisha tamaa, ndiyo iliyotoa mfano wa kinyume chake. Matuta ya awali yaliyochimbwa kwa amri yalikuwa membamba na yalibomoka upesi. Polepole wakulima wenyewe walichagua namna nyingine, ile inayoitwa fanya juu. Mtaro huchimbwa kufuata kontua, na udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko, ukawa ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani ya kulishia ng'ombe. Kila mvua inapoteremsha udongo, ukingo huushika, na baada ya miaka kadhaa shamba hujisawazisha lenyewe likawa ngazi, bila tabaka la juu kufukiwa kwa mara moja kama ilivyokuwa Uluguru. Na faida haikungoja miaka hiyo: katika nchi ya ukame, maji yaliyozuiwa nyuma ya ukingo yangeweza kuamua kama mahindi yatazaa au yatakauka. Majani ya ukingoni yalimlisha ng'ombe aliyefungwa zizini, samadi yake ikarudi shambani. Kahawa, ambayo Mwafrika aliruhusiwa kuilima kwa upana zaidi kuanzia miaka ya 1950, pamoja na mboga na matunda vililipa gharama ya kazi. Mbegu ya mahindi ya Katumani, inayokomaa mapema, iliongeza uhakika wa mavuno. Kazi yenyewe ilifanywa na vikundi vya mwethya, vingi vikiwa vya wanawake, vilivyochagua viongozi wao na kuhama kutoka shamba la mmoja hadi la mwingine kwa zamu.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliolinganisha Machakos ya miaka ya 1930 na ile ya kuelekea 1990. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka kutoka takriban 240,000 hadi kiasi cha milioni 1.4. Wengi walitarajia kwamba ongezeko hilo lingemaliza ardhi. Kinyume chake, sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa imewekewa matuta, miti ilikuwa mingi kuliko inavyoonekana katika picha za zamani, na thamani ya mavuno kwa kila ekari ilikuwa imepanda mara kadhaa. Wapo wanaojibu kwamba siri ya Machakos ni kuwa jirani wa Nairobi: soko liko karibu, na mishahara ya waliohamia mjini ilirudi nyumbani kununua majembe na ng'ombe. Hoja hiyo ina ukweli, wala haifai kupuuzwa, kwa sababu si kila wilaya ina mji mkuu mlangoni. Lakini soko la Nairobi lilikuwapo pia mwaka 1938, na halikuokoa kilima hata kimoja wakati Mkamba alipozuiwa kulima kahawa na ng'ombe wake wakikamatwa. Soko lilianza kuponya ardhi siku ile mkulima alipopata ruhusa ya kuuza kile alichokitaka na uhakika wa shamba analolichimba. Kwa hiyo ukaribu wa soko unaeleza kasi ya mabadiliko, lakini mwelekeo wake ulitokana na haki.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kondoa, mkoani Dodoma. Vilima vya Irangi vilikuwa na makorongo ya kutisha, na watafiti wameonyesha kwamba mmomonyoko wake ulianza karne nyingi kabla ya ukoloni, hivyo haiwezekani kumtupia mkoloni lawama yote. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Baada ya miaka michache ya kujenga makinga maji na kupanda miti bila mafanikio ya kutosha, serikali ilichukua hatua kali: mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Matokeo yalionekana upesi. Nyasi na vichaka vilirudi vyenyewe, mito ya mchanga ikapungua upana, na mabonde yaliyokuwa yakifunikwa kwa mchanga kila masika yakalimwa. Mtu anaweza kusema kwamba hapa amri ilifanya kwa miaka michache kile ambacho hiari haikufanya kwa vizazi.

Ni kweli kwamba ilifanya hivyo, na anayejali udongo hana budi kuukubali ukweli huo. Lakini inafaa kuuliza gharama ililipwa na nani, na kwa nini amri hiyo ilivumilika. Makumi ya maelfu ya wanyama hawakutoweka: walihamishiwa kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka, na mzigo wa malisho ukahamia huko pamoja nao. Familia iliyotegemea maziwa, samadi na ng'ombe wa mahari ilipoteza hivyo vyote kwa mara moja, na mashamba yaliyohitaji samadi yakaikosa. Waliounga mkono mpango ni wale waliopata kitu: wakulima waliojipatia mashamba mapya mabondeni na waliovuna nyasi na kuni karibu na nyumbani. Na miaka 10 baadaye, mwaka 1989, mradi wenyewe ulilazimika kuruhusu ng'ombe kurudi, safari hii wa maziwa, wakilishwa zizini. Hiyo ilikuwa kukiri kwamba ardhi isiyo na mifugo haikuwa ardhi ambayo Warangi, wenyeji wa Kondoa, wangeweza kuishi nayo. Kondoa inathibitisha kwamba majani hurudi yakipumzishwa, hata pumziko likiletwa kwa nguvu. Haithibitishi kwamba nguvu hiyo inaweza kudumu bila faida kwa wanaobanwa nayo, wala kwamba pumziko haliwezi kupatikana kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ilikuwako Shinyanga. Mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia sehemu kubwa ya eneo linaloitwa Simiyu leo, ulifyekwa misitu yake kwa awamu. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vilikatwa kwa eneo kubwa ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye pamba ilitanuka, mifugo ikaongezeka, na mahitaji ya kuni yakakua. Hata hivyo Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue na kukauka zikiwa zimesimama, kisha kikafunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Nyingine zilikuwa za familia, nyingine za jumuiya. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu katika makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya pamoja. Ngitili ziliachwa nyuma bila mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe ilikatwa na kulishwa na kila mpita njia. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu, na mkoa ukawa unaitwa jangwa la Tanzania.

Ziara ya Rais Nyerere mkoani humo mwaka 1984 iliamsha serikali, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulianza kama miradi mingi: vitalu vya miche, upandaji wa miti ya kigeni, mafunzo. Miche mingi ilikufa kwa ukame na mchwa. Mabadiliko ya kweli yalikuja wataalamu walipoigeukia desturi iliyokuwapo na kuanza kuwasaidia watu kurudisha ngitili. Visiki na mizizi ya migunga vilikuwa bado hai chini ya ardhi, na kilichohitajika ni kuvilinda vichipue. Kijiji na familia ziliamua wenyewe wapi pafungwe na lini pafunguliwe. Aliyevunja mwiko alishughulikiwa na dagashida, mkutano wa jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda. Faida haikuchelewa: kiangazi cha kwanza tu nyasi zilikuwapo, na baada ya miaka michache zikafuata kuni, fito, asali, dawa na nyasi za kuezekea. Wakati tathmini ilipofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizorejeshwa zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Wizara ya Maliasili na Utalii na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalimpa kila mtu thamani ya dola 14 kwa mwezi, zaidi ya wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati ule.

Shinyanga nayo haikukosa dosari. Mwenye ardhi nyingi alifunga ngitili kubwa, na mwenye kidogo akabaki kutegemea ile ya kijiji. Ulinzi wa kimila mara nyingi uliwaacha wanawake nje ya maamuzi, ingawa wao ndio wanaotembea kutafuta kuni. Na tangu HASHI ilipofungwa mwaka 2004, baadhi ya ngitili zimeingiliwa na kilimo, mkaa na migogoro ya mipaka. Hayo ni makosa ya kweli, lakini yanaunga mkono hoja kuliko kuipinga, kwa sababu ngitili inakuwa katika hatari kubwa pale ambapo mmiliki wake hajulikani vizuri kisheria au ambapo faida yake inawafikia wachache. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinatoa njia ya kutatua hilo, kupitia hatimiliki za kimila na misitu ya hifadhi ya vijiji. Pale vijiji vinapopimwa na mipaka ikaandikwa, desturi hupata nguvu ya kumjibu anayekuja na msumeno au trekta.

Historia hii ina uzito leo kwa sababu mipango mipya inakuja kwa kasi: kilimo hifadhi, biashara ya kaboni, ahadi za kitaifa za kurejesha mamilioni ya hekta. Mingi inapimwa kwa idadi ya miche iliyopandwa na ukubwa wa eneo lililochorwa kwenye ramani. Kwa vipimo hivyo Uluguru ya mwaka 1954 ingehesabiwa kuwa mafanikio, kwa kuwa matuta yalikuwapo na yangeweza kuhesabika, na mwaka mmoja baadaye hapakuwa na mpango. Utaalamu wa udongo tunao, tena sehemu yake nzuri ilivumbuliwa na wakulima na wafugaji wa hapahapa. Kabla ya mpango wowote kuidhinishwa, maswali mawili yaulizwe na yajibiwe hadharani mbele ya watakaoshika jembe: msimu huu watavuna nini zaidi kutokana na kazi hii, na baada ya miaka 10 shamba hili, malisho haya na miti hii vitakuwa vya nani? Afisa asiyeweza kuyajibu hayo hajawa tayari kumwomba mtu achimbe mtaro hata mmoja.